Kibao, Mzani na Maswali 25: Rekodi za Dunia katika Kupima Afya ya Watoto

Uzito wa mtoto unaupata kwa sekunde chache ukiwa na mzani mzuri. Urefu unataka kibao, watu wawili na subira. Lakini kujua kama anaogopa kwenda shule, kama ana rafiki wa kumweleza shida zake, kama nyumbani kuna mtu mzima anayemtisha, hakuna kifaa kitakachokuambia. Lazima umuulize, tena umuulize kwa namna asiyojuta kukujibu. Kwa zaidi ya karne moja sasa mataifa yamekuwa yakijaribu kupima mwili, akili na maisha ya watoto wao, na njiani yameweka rekodi ambazo hakuna anayezipigia makofi. Nimekusanya baadhi hapa. Zipo za ukubwa, zipo za ukongwe, mbili ni za aibu, na ninayempa ubingwa mwishoni alipima watoto wachache kuliko wengi waliotajwa humu.

Kongwe kuliko zote

Philibert Guéneau de Montbeillard wa Ufaransa alianza kumpima mwanawe mwaka 1759, mtoto alipozaliwa, akaendelea karibu kila miezi sita hadi mwaka 1777 kijana akiwa na miaka 18. Rafiki yake Buffon, mtaalamu mashuhuri wa viumbe, akazichapisha namba hizo. Ndiyo kumbukumbu ya zamani kuliko zote inayojulikana ya kufuatilia ukuaji wa mtoto mmoja mwaka hadi mwaka. Baba yule aligundua hata jambo linalowasumbua wapimaji mpaka leo, kwamba mtu huamka mrefu na hulala mfupi kidogo.

Mtoto mmoja wa bwana mwenye mali haelezi hali ya taifa. Kwa taifa zima, sifa ya ukongwe naipeleka Japani, ambako serikali ilianza kukusanya urefu na uzito wa wanafunzi mwaka 1900. Kijana wa miaka 17 wakati huo alikuwa na wastani wa sentimita 158 hivi. Mwaka 1994 wastani ulifika 170.9, na tangu hapo haujapanda. Vita vya Pili vya Dunia vimeacha pengo katika takwimu, na vijana waliopimwa mara tu baada ya vita walikuwa wafupi kuliko waliowatangulia. Ukitaka kujua njaa ilifanya nini Japani, huhitaji kusoma hotuba za wanasiasa wa enzi hizo. Jedwali la urefu wa wanafunzi linatosha.

Waholanzi nao wamefanya tafiti za ukuaji tangu 1955, na ndio wanaoshikilia kilele: vijana wao wa kiume wana wastani wa sentimita 183.8. Utafiti wao wa mwaka 2009 haukuonyesha ongezeko lolote tangu ule wa 1997.

Watoto 87,498 kwa siku moja

Jumatano ya tarehe 1 Juni 1932, walimu wa Scotland waliwaketisha madarasani watoto wote waliozaliwa mwaka 1921 na kuwapa mtihani mmoja wa kufikiri. Hawakuchukua sampuli. Walichukua rika zima la nchi, watoto 87,498. Miaka 15 baadaye wakarudia kwa waliozaliwa 1936, watoto 70,805. Hakuna taifa jingine lililowahi kufanya hivyo.

Nia yao ya kurudia haikuwa safi sana. Wakati huo wasomi wengi wa Uingereza waliamini kwamba kwa kuwa maskini wanazaa zaidi, akili ya taifa lazima ishuke. Walipolinganisha matokeo, wastani wa mwaka 1947 ulikuwa umepanda kidogo. Nadharia ikabaki haina miguu.

Baada ya hapo madaftari yakawekwa stoo yakasahauliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti Ian Deary na Lawrence Whalley wakayafufua, wakawatafuta wale watoto, ambao sasa walikuwa wazee wa miaka 77. Tarehe 1 Juni 1998, miaka 66 kamili tangu siku ile, wazee 73 walikusanyika katika ukumbi wa muziki wa Aberdeen wakafanya mtihani uleule, kwa muda uleule. Waliofanya vizuri utotoni wengi wao walifanya vizuri uzeeni. Mtihani wa darasani haupimi afya ya akili, hilo liwe wazi. Lakini bila wale watoto, tungejua machache sana kuhusu jinsi ubongo unavyozeeka.

Rika lililopimwa kwa muda mrefu kuliko yote

Rekodi hii ni ya Waingereza waliozaliwa katika juma moja la Machi 1946. Vita vilikuwa vimekwisha, serikali inahofia kwamba watu hawazai, na daktari mmoja, James Douglas, akatumwa kuuliza: kuzaa kunagharimu nini, na nani analipa? Wauguzi walizunguka England, Wales na Scotland wakahoji akina mama 13,687. Katika watoto wao walichaguliwa 5,362 wa kufuatiliwa, na hawajaachwa tangu hapo. Wamepimwa wakiwa watoto, wakiwa shuleni, wakiwa kazini, wakiwa wastaafu. Mwaka 2016 walitimiza miaka 70. Kila mwaka hutumiwa kadi ya siku ya kuzaliwa kutoka kwa watafiti, na nadhani kadi hiyo imefanya kazi kubwa kuliko mbinu nyingi za kitaalamu za kuwabakiza watu kwenye utafiti.

Wao ndio walioonyesha kwamba uzito wa mtoto anapozaliwa una uhusiano na shinikizo lake la damu akiwa mtu mzima, na kwamba mtoto mwenye akili wa familia maskini hupotezwa na mfumo wa shule mapema. Jambo la kwanza lilihitaji miongo kadhaa kujulikana, maana inabidi usubiri watoto wakue.

Wanaopimwa wengi kila mwaka

England, tangu mwaka wa masomo 2005/06, hupima urefu na uzito wa watoto wa darasa la kuanzia na wa darasa la sita, jumla zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Wazazi wengi hupokea barua ya matokeo nyumbani, na kila mwaka kuna wanaokasirika wakiambiwa mtoto wao ni mnene. Upimaji mpana, lakini mwembamba: urefu na uzito, basi. India ilikwenda kinyume chake kati ya 2016 na 2018. Ilifikia watoto na vijana zaidi ya 112,000, na kwa zaidi ya 51,000 kati yao ikachukua damu, ikaisafirisha kwenye ubaridi nchi nzima ili kujua upungufu wa vitamini na madini. Hakuna utafiti wa aina hiyo uliowahi kuwa mkubwa kiasi hicho.

Uliomgeuza mtoto pande zote

Kama mashindano yangekuwa ya kumpima mtoto kila upande, ningempa Mjerumani. Mpaka mwanzoni mwa karne hii Ujerumani, nchi yenye madaktari kila kona, haikuwa na picha ya kitaifa ya afya ya watoto wake. Ilikuwa inategemea ukaguzi wa wanaoanza shule. Ndipo Taasisi ya Robert Koch ikaanzisha utafiti ujulikanao kwa ufupi kama KiGGS. Kuanzia Mei 2003 hadi Mei 2006 timu zake zilisafiri katika miji na vijiji 167, zikifungua vituo vya muda na kuwaita watoto waliochaguliwa kutoka daftari la wakazi. Walifika 17,641, wa kuanzia wachanga hadi wa miaka 17.

Mtoto akifika anapimwa urefu, uzito na shinikizo la damu. Anatolewa damu na mkojo. Anasimama kwa mguu mmoja, anatembea kinyumenyume juu ya ubao mwembamba. Mkubwa anapanda baiskeli ya mazoezi. Damu inakaguliwa kuona kama ana mzio. Wakati huohuo mzazi anajaza dodoso, na kuanzia miaka 11 mtoto anajaza la kwake: anajionaje, ana marafiki, analala vizuri, ameonewa shuleni? Familia zenye asili ya nchi nyingine zilitafutwa kwa makusudi na madodoso yakatafsiriwa, kwa sababu ndizo ambazo tafiti za awali zilikuwa zikizikosa. Kundi dogo likachukuliwa tena kwa uchunguzi wa kina wa afya ya akili.

Kilichojulikana: asilimia 15 ya watoto wa miaka 3 hadi 17 walikuwa na uzito uliozidi, na watoto wa familia za kipato cha chini walikuwa nyuma karibu kwenye kila kitu, kuanzia meno hadi hisia. Katika nchi tajiri yenye bima ya afya kwa karibu kila mtu, hilo liliwauma. Utafiti ulirudiwa kwa simu 2009 hadi 2012, kisha kwa vipimo 2014 hadi 2017, na sehemu ya watoto wa mwanzo wakafuatwa hadi utu uzima.

Udhaifu wake uko kwenye namba moja: waliokubali kuja katika awamu ya kwanza ni asilimia 66.6 ya walioalikwa. Theluthi moja hawakutokea, na wasiotokea huwa si sawa na waliotokea.

Kwa mahudhurio, rekodi ninayoijua na ninayoiheshimu zaidi ni ya Marekani. Kati ya 1963 na 1965 timu za serikali zikiwa na matrela ya uchunguzi ziliita watoto 7,417 wa miaka 6 hadi 11. Walikuja 7,119, yaani asilimia 96. Utafiti huohuo, ambao siku hizi unaitwa NHANES, katika mzunguko wa 2017 na 2018 uliwapima chini ya nusu ya watu waliochaguliwa. Watu wamechoka kubishiwa hodi.

Pengo kubwa kati ya mwili na moyo

Mwaka 2020 UNICEF ilitoa ripoti ikilinganisha nchi tajiri. Japani ilikuwa ya kwanza kabisa kwa afya ya mwili ya watoto. Kwa afya ya akili ilikuwa ya 37, karibu na mkiani. Ni asilimia 62 tu ya vijana wake wa miaka 15 waliosema wanaridhika sana na maisha. Uholanzi ilikuwa asilimia 90.

Kuridhika huko kunapimwaje? Njia maarufu ni ngazi. Mtoto anaonyeshwa mchoro wa ngazi yenye vipandio kuanzia 0 hadi 10; juu ni maisha mazuri kuliko yote unayoweza kuyafikiria, chini ni mabaya kuliko yote. Wewe umesimama wapi? Ndicho kipimo kinachotumiwa na utafiti wa wanafunzi wa miaka 11, 13 na 15 unaofanywa kila baada ya miaka minne Ulaya na Kanada, ulioanza na Uingereza, Finland na Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Awamu ya 2021/22 iliwafikia karibu wanafunzi 280,000 katika nchi 44. Nina shaka na ngazi hiyo inapolinganisha nchi na nchi. Kuna mahali ambapo mtoto aliyelelewa kwa adabu hajiweki kwenye kipandio cha juu hata kama mambo yake ni shwari. Lakini ndani ya nchi moja, ngazi ile ikishuka miaka minane mfululizo, jambo lipo.

Kipimo kingine ni cha Robert Goodman, daktari wa akili wa watoto wa London, aliyekitoa mwaka 1997. Kina maswali 25 tu: kama mtoto ana wasiwasi mwingi, kama hatulii, kama anapigana, kama wenzake wanampenda, kama husaidia aliyeumia. Majibu ni matatu: si kweli, kweli kiasi, kweli kabisa. Kinaingia kwenye karatasi moja na kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 80, Kiswahili ikiwemo. Ujerumani walikitumia. Ni chombo cha kuchuja, si cha kutoa hukumu. Mtoto mwenye alama za juu anapaswa kuonana na mtaalamu kabla hajapewa jina la ugonjwa.

Tofauti hiyo kati ya dalili na ugonjwa ilionekana vizuri Kenya. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana, uliofanywa mwaka 2021 sambamba na Indonesia na Vietnam, ulihoji vijana wa miaka 10 hadi 17 pamoja na walezi wao katika kaya zaidi ya 5,000. Asilimia 44.3 walikuwa na tatizo la kiakili katika miezi 12 iliyopita. Namba hiyo hutisha na hunukuliwa sana. Ndani ya ripoti kuna nyingine isiyosomwa mara nyingi: waliofikia vigezo vya ugonjwa kamili walikuwa asilimia 12.2. Zote mbili ni za kweli. Ukitaka kupanga hospitali, tumia ya pili. Ukitaka kupanga shule na malezi, ya kwanza. Mwandishi anayetaja moja bila nyingine anamwonea msomaji.

Maswali magumu kuliko yote

Hapa Tanzania ina nafasi yake. Mwaka 2009 iliingia katika kazi ambayo mataifa mengi yalikuwa yanaikwepa: kuwauliza wasichana na wavulana, kwa sampuli ya nchi nzima, kuhusu ukatili wa kingono, wa kimwili na wa kihisia walioupata utotoni. Swaziland ilitangulia mwaka 2007, lakini kwa wasichana peke yao. Tanzania ndiyo nchi ya kwanza Afrika kuuliza yote matatu kwa jinsia zote mbili.

Ubora wa utafiti ule uko kwenye mbinu. Waliohojiwa walikuwa na miaka 13 hadi 24, na kila kaya alihojiwa mmoja tu. Eneo lililopangiwa wasichana halikuhoji mvulana hata mmoja, na la wavulana hivyohivyo, ili mtenda na mtendwa wasije wakaulizwa maswali yaleyale kwenye mtaa mmoja. Wadadisi wa kike waliwahoji wasichana, wa kiume wakawahoji wavulana. Kijijini utafiti ulitambulishwa kama wa afya na maisha ya vijana kwa ujumla, kwa sababu baba au mjomba akijua mapema kinachoulizwa, anayeumia ni binti baada ya gari la watafiti kuondoka. Na aliyehitaji msaada alikuwa na pa kuelekezwa.

Matokeo yakatolewa hadharani Agosti 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7 hivi, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamepigwa au kuumizwa kwa namna nyingine. Serikali ingeweza kuyafungia kabatini. Iliyasoma mbele ya waandishi wa habari, na baadaye ukaja mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ule unaoitwa MTAKUWWA. Kenya ilifanya utafiti kama huo mwaka 2010 na ikaurudia 2019. Kama kungekuwa na medali ya ujasiri, sijui nani angewanyang'anya Watanzania.

Kitendawili cha Iringa

Kuanzia mwaka 1984 vijiji 168 vya Iringa vilikuwa vikipima uzito wa watoto wote walio chini ya miaka mitano kila baada ya miezi mitatu, siku ya afya ya kijiji. Wazazi wanaleta watoto, mzani unaning'inizwa, namba zinajadiliwa palepale na kamati ya kijiji: nani amepungua, kwa nini, tufanye nini. Kufikia 1988 utapiamlo mkali ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Dunia ilikuja kujifunza. Mchoro wa UNICEF wa mwaka 1990 unaoeleza sababu za utapiamlo, ambao kila mwanafunzi wa lishe duniani anauchora kwenye mtihani, ulikomaa kutokana na kazi ya Iringa.

Sasa fungua Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022. Mkoa unaoongoza kwa udumavu Tanzania ni Iringa, asilimia 57. Unafuatiwa na Njombe, iliyomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Rukwa, yote ikiwa karibu na nusu ya watoto. Hii ndiyo mikoa inayoilisha nchi mahindi.

Sehemu ya jibu ni kipimo chenyewe. Mzani ule ulikuwa unakamata mtoto anayekonda. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu, akacheka, akaonekana mzima kabisa. Kasoro ni kwamba ana miaka mitatu na urefu wa mtoto wa miaka miwili. Mzani hauoni hilo. Sehemu nyingine iko jikoni na shambani: maafisa lishe wa mikoa hiyo wanataja uji mtupu wa mahindi, chakula cha aina moja, na mama anayeshinda shamba akimwachia mwanawe mtoto mwenzake. Chakula kingi hakijawahi kuwa lishe.

Kwa taifa zima udumavu umeshuka kutoka karibu nusu ya watoto katika utafiti wa 1991/92 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Kenya imeshuka kasi zaidi, kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022, ingawa Kilifi imebaki na 37. Burundi, kwa utafiti wake wa 2016/17, ilikuwa na asilimia 56, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani.

Asilimia hizo zote zinatoka kwenye kibao kimoja cha mbao, na inafaa kujua kinavyotumika. Mtoto wa chini ya miaka miwili analazwa. Msaidizi anashika kichwa kiguse ubao wa juu, macho yakitazama dari. Mpimaji anabonyeza magoti kwa mkono mmoja na kusogeza ubao wa chini hadi uguse nyayo kwa mwingine. Viatu vimevuliwa, nywele zilizofungwa juu zimefumuliwa, na mtoto kwa kawaida analia. Inasomwa hadi milimita. Mtoto huyohuyo akisimamishwa atasoma mfupi kwa karibu sentimita 0.7, kwa hiyo mpimaji mvivu anayemsimamisha wa mwaka mmoja na nusu anaweza kumdumaza kwa kalamu. Na urefu bila umri ni kazi bure. Pasipo kadi ya kliniki, mdadisi anatoa kalenda ya matukio: alizaliwa kabla ya Mfungo au baada? Mwenge ulikuwa umepita? Hapo ndipo bibi anapokuwa mtaalamu kuliko kompyuta.

Mchoro wa ukuaji unaotumika kumlinganisha mtoto huyo nao una historia yake. Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2006 kutokana na watoto 8,440 waliopimwa Brazili, Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, wote wakiwa wamenyonyeshwa na mama zao hawavuti sigara. Mtoto wa Muscat, wa Accra na wa Oslo walikua karibu sawasawa. Kwa hiyo yule anayekuambia kwamba "sisi kwetu ni wafupi" hana hoja mtoto akiwa chini ya miaka mitano.

Rekodi za aibu

Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozaa mradi wa kuwafuatilia watoto 100,000 tangu tumboni hadi miaka 21. Watafiti walianza kwa kugonga milango wakitafuta wanawake wajawazito au wanaotarajia kushika mimba, kazi ya kipuuzi ukiifikiria. Mipango ikabadilishwa mara kadhaa. Desemba 2014 mradi ulifutwa baada ya kutumia zaidi ya dola bilioni 1, ukiwa na watoto wapatao 5,000 tu wa majaribio. Ndio ghali kuliko zote kwa kila jibu ambalo haukulitoa.

Waingereza, mabingwa wa kazi hii tangu 1946, nao hawakusalimika. Mwaka 2015 walizindua utafiti wa watoto 80,000. Miezi michache baadaye walihesabu wanawake waliojiandikisha wakapata 249. Ukafungwa mwaka huohuo.

Ubingwa

Ninautoa kwa Wamarekani, kwa awamu ya NHANES ya 1976 hadi 1980. Pamoja na vipimo vingine, damu ilipimwa madini ya risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Watoto wa miaka 1 hadi 5 walikuwa na wastani wa mikrogramu 15 kwa desilita, na karibu 9 kati ya kila 10 walikuwa juu ya mikrogramu 10. Kisha takwimu zikapangwa kwa mfuatano wa wakati. Risasi kwenye damu ilikuwa inashuka, na mstari wake ulifuatana hatua kwa hatua na mstari wa risasi iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli. Hakuna aliyepanga utafiti uonyeshe hivyo.

Wakati ule serikali ilikuwa inafikiria kulegeza masharti ya petroli yenye risasi. Mchoro ule ulipojulikana, kulegeza kukageuka kukaza. Mwaka 1985 iliamuliwa kwamba kiwango kilichoruhusiwa kikatwe hadi gramu 0.1 kwa galoni. Kufikia 1991 hadi 1994 watoto waliokuwa juu ya mikrogramu 10 walikuwa asilimia 4.4. Nchi nyingine zikafuata. Kusini mwa Sahara tuliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021. Damu ya watoto elfu chache, hewa ya dunia nzima.

Februari 2025 Marekani ilisitisha fedha za mpango uliokuwa ukisaidia tafiti za afya ya uzazi na mtoto katika nchi zaidi ya 90 tangu 1984, zikiwemo zile zilizotupa namba za Iringa, Kilifi na Burundi. Tafiti zijazo itabidi serikali zetu zigharamie sehemu kubwa zaidi, na wabunge wawe tayari kuulizwa fungu hilo liko wapi kwenye bajeti. Kwako msomaji kuna jambo dogo zaidi. Mdadisi akibisha hodi na kitambulisho chake, akiwa na mwenyekiti wa mtaa na kile kibao begani, usimwambie aende kwa jirani. Kaya iliyochaguliwa haibadilishwi na nyingine. Ukikataa, nafasi yako inabaki wazi. Toa kadi ya kliniki, mvue mtoto viatu, mfumue nywele, na umwache ajibu mwenyewe yale anayoulizwa yeye.